Shingo Sitini za Kamati ya Sendofu

Mkurugenzi Osiah Mhavile hakunitazama usoni. Alinitazama shingoni, maana siku hizi hapa Igwasi ndiko watu wanakotazamana, kisha akatoa lile tabasamu lake la mtu aliyeshiba.

"Fundi Atuganile," alisema, "una manjano."

"Najua nina manjano. Nimejiweka mwenyewe."

"Basi huwezi kulalamika. Sheria unaijua. Rudi ukiwa kijani."

Sheria naijua, ndiyo. Imebandikwa mpaka mlangoni mwa choo cha halmashauri: malalamiko yatapokelewa kutoka kwa mtu ambaye nukta ya shingo yake ni ya kijani. Ukija na manjano, homoni yako ya tezi ya shingo iko chini, una huzuni ya mwilini, huoni mambo sawasawa. Ukija na nyekundu, iko juu mno, una hasira za mwilini, nawe pia huoni. Nenda karekebishwe kwanza. Na ukisharekebishwa, ajabu, hamu ya kulalamika imekuishia. Wao wanaita utawala bora. Mimi naita upumbavu, lakini nani ataandika neno la mtu mwenye manjano?

"Mkurugenzi, kijani chenyewe ndicho kibovu. Nimekuja kulalamikia kijani."

Akacheka mpaka tumbo likacheza. "Unajisikia lakini? Mwenye manjano anasema kijani ni kibovu! Atu, mdogo wangu, hiyo ndiyo dalili yenyewe."

Ningekuwa bado na shingo yangu ya miezi miwili iliyopita, ningemrushia kikombe chake cha chai. Lakini nilikuwa nimejishusha makusudi, wiki sita nzima, kidogo kidogo, mpaka pale ninapojua mimi fundi kwamba ndipo tezi ya mtu mzima wa kawaida inapokaa. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: hii dharau niliyonayo kwa Mhavile na ofisi yake, ni yangu au ni ya homoni? Jibu nimelipata. Ni yangu. Imebaki vilevile, ila sasa haina haraka.

Nikamwekea karatasi mezani.

"Hii nini?"

"Majina ya wale watu sitini tuliowatoa damu miaka mitatu iliyopita, ili mashine ijue mtu mzima wa afya wa Igwasi yukoje. Soma la kwanza."

Akasoma. Lilikuwa la mkewe, Mama Kalista.

"Soma la pili."

La pili lilikuwa la shemeji yake. La tatu hakulisoma, akaigeuza karatasi kifudifudi kama mtu anayefunika sahani yenye nzi.

"Walikuwa watu wazima na afya zao," alisema.

"Walikuwa kamati ya sendofu ya binti yako!"

"Na sendofu ilifana, bibi harusi akaagwa vizuri." Akainuka, akaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara kiwanda cha maparachichi kilikuwa kinanguruma, na wafungashaji wanaimba kwa sauti moja, haraka haraka, kama kaseti inayokimbizwa. "Sikiliza. Watu wanaimba. Mji huu ulikuwa umelala ndani ya blanketi, Atu. Ukimtuma mtu chumvi, anarudi kesho. Unataka niwarudishe huko?"

"Wanaimba na mikono inawatetemeka. Wanakula kama wana minyoo na bado suruali zinawavuka. Baridi hii ya Igwasi, majani yameganda asubuhi, na wao wanatokwa jasho. Zahanati mwezi huu imepokea watu wanane ambao mioyo yao inarukaruka."

"Mioyo ya furaha."

"Wawili tumewazika."

Akarudi kukaa, akauliza kwa upole, na upole wa Mhavile ndio wa kuogopwa: "Siku ile ukumbini, nani alishika sindano?"

"Mimi."

"Basi nenda kapandishe shingo yako, mdogo wangu. Ukiwa kijani tutaongea."

*

Niseme basi, maana nimeshasema mengi ya wengine na yangu nimeyaficha mgongoni.

Kishingo ni punje, kubwa kidogo kuliko ya mchele, inayowekwa chini ya ngozi juu ya mfupa wa kifua. Kila robo saa inapiga mwanga kwenye mshipa, inasoma homoni ya tezi, na ikiona imepungua inaongeza kutoka kwenye hazina yake. Ikiona imezidi inatoa dawa ya kuizuia, na nukta yake inayowaka chini ya ngozi inasema uko wapi: manjano chini, kijani sawa, nyekundu juu. Si kitu kibaya. Nasema hivyo mimi niliyevipandikiza elfu kumi na moja. Huku milimani ardhi haina madini joto, mvua ilishayaosha tangu zamani. Bibi zetu walitembea na marovu shingoni ukubwa wa boga, miili baridi, sauti nzito, huzuni isiyo na jina, na watu wa kutoka pwani wakija wanasema, ah, hawa wa nyanda za juu ni wazito tu, ndivyo walivyoumbwa. Tezi ikilala, mtu mzima analala huku macho yako wazi. Kishingo kiliwaamsha wengi.

Lakini punje haijui ukawaida. Lazima iambiwe. Mtaalamu wa Wizara akaagiza: tafuteni watu sitini wazima, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, kutoka kila kijiji, wapimwe damu, wastani wao ndio utakuwa kijani cha Igwasi. Alitupa wiki tatu. Mhavile akakaa wiki mbili na siku sita bila kufanya lolote, akakumbuka siku ya mwisho, akanipigia simu.

"Leo kuna kikao cha kamati nyumbani kwa Mungu," maana yake ukumbi wa parokia. "Wanawake sitini, wamenawiri, wamekaa kwenye viti. Unatafuta nini tena?"

Na mimi, mwenye cheti cha maabara kilichowekewa fremu, nikasema sawa bosi. Nilisema sawa kwa sababu hata hivyo nilikuwa nakwenda kikao hicho. Nilikuwa mjumbe. Kamati ndogo ya mapambo, mnisamehe.

Sasa Mama Kalista alikuwa mwenyekiti, na Mama Kalista sare ya kitenge peke yake haikumtosha. Aliona kwenye simu yake sendofu ya mjini ambako wajumbe wote walikuwa na nywele zao wenyewe, ndefu, zimesukwa mtindo mmoja. Akaamuru na sisi tuote nywele. Ndiyo, tuote, kwa miezi miwili, kama mahindi. Akaagiza vidonge vya nywele na kucha, makopo kwa makopo, akatugawia kila kikao, vitatu asubuhi, vitatu jioni, na ole wake mjumbe asiyemeza. Tulimeza. Na mimi nilimeza. Nywele zangu hazikusogea hata ukucha.

Vidonge hivyo vimejaa bayotini. Na kile kipimo cha damu tulichokitumia kinatumia bayotini hiyohiyo kama gundi ya kushikia homoni ili ihesabiwe. Damu ikijaa bayotini, gundi inachanganyikiwa, na mashine inaandika homoni nyingi mahali ambapo zipo za kawaida tu. Kila mwanafunzi wa maabara anafundishwa: muulize mgonjwa amemeza nini. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua. Nilijua na sikufikiri. Nilikuwa nafikiria mapambo ya meza kuu.

Basi wajumbe sitini wa sendofu, wamejaa vidonge vya nywele, ndio wakawa kipimo cha mtu mzima. Vishingo vyenyewe vinasoma kwa mwanga, havidanganywi na vidonge. Vikaambiwa, watu wa Igwasi wakiwa wazima wako kule juu, na vyenyewe kwa utiifu vikaanza kumsukuma kila mtu kule juu.

Tungekuwa hatujui hadi leo kama Mama Kalista asingekuja kwangu miezi miwili iliyopita, amevaa wigi, akafunga mlango, akalivua. Loo! Kichwa kilikuwa na mabaka kama godoro lililoliwa na panya. Homoni ya tezi ikizidi, nywele ndizo za kwanza kuaga.

"Mimi," alisema, anataka kulia, "mimi niliyemeza makopo yote yale ya bayotini!"

Nikakaa chini. Nilikaa kwenye ndoo, nikakumbuka ukumbi, sindano, vidonge mezani karibu na soda. Mwanamke yule alitaka nywele, na kwa ajili ya nywele mji mzima unanyonyoka. Nilicheka mpaka akakasirika akaondoka. Jioni nikaanza kujishusha.

*

Siku nilipofukuzwa na Mhavile nilipitia kwa mama mkubwa Tulalumba, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne.

Mama mkubwa alikuwa na sifa moja mji mzima. Ukimsalimia, ulisubiri. Unasema "Kamwene," yeye anakutazama, anaweka jembe chini, anajifuta mkono, anafikiri sijui nini, ndipo anaitikia, "Kamwene," polepole. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nahesabu kimya mlangoni. Mara nyingi nilifika kumi na mbili. Watu walimcheka. Mimi nilipenda, kwa sababu likija jibu lake lilikuwa limekuja lote.

Siku hiyo nilisema "Kam" tu, yeye akawa ameshaitikia, ameshanivuta mkono, ameshanikalisha, ameshaniuliza habari za kazi na kujijibu. Alikuwa anaosha vyombo safi. Gauni lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Macho yalikuwa yamemtoka kidogo, yanang'aa.

"Ijumaa tunaimba kanisani, mimi nipo sauti ya pili, na ninacheza, Atu, miguu hii unayoiona inacheza! Kula ndizi. Mbona huli? Una manjano wewe, una nini, nani kakuudhi?"

"Mama mkubwa, kaa chini nikusome moyo."

"Nimekaa jana."

Nikamshika. Nikatoa rimoti yangu ya kazi, nikaielekeza kwenye kishingo chake. Mapigo mia moja arobaini na mbili, na hayana mpangilio, yanakwenda, yanajikwaa, yanakimbia. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, anaosha vyombo. Wale wawili tuliowazika walianza hivyohivyo.

Nikamweleza yote. Kamati, vidonge, gundi, kijani kibovu. Alicheka sana aliposikia habari za Mama Kalista, akapiga makofi. Halafu nikamwambia, naomba nikushushe. Wiki sita, taratibu, moyo utulie.

Akaacha kucheka.

"Thubutu."

"Mama mkubwa, utakufa."

"Na wewe utakufa. Sikiliza, mwanangu. Tangu nimezaliwa mimi nimeburuta mwili huu kama gunia la viazi vilivyolowa. Mume wangu alifariki, sikuweza hata kulia vizuri, nilichoka kabla machozi hayajatoka. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyoishi, kumbe wenzangu mlikuwa mnaishi vingine! Sasa nimeonja. Hunishushi hata chembe."

"Si lazima urudi kule. Kule ulikuwa mgonjwa kweli. Kuna pa katikati..."

"Nani anapajua hapo katikati? Wewe? Uliyepima watu wamemeza dawa ya nywele?"

Nikaitazama rimoti.

"Siku unaniwekea hiki kidude," alisema, na kidole kikamtetemeka juu ya nukta ya kijani, "nilikuuliza, Atu, hutanichezea? Ukasema, mama mkubwa, sigusi mpaka nikuulize. Haya, umeuliza. Nimekujibu."

Angekuwa ni yeye anayejibu, ningeondoka. Lakini niliyemsikia pale hakuwa mama mkubwa ninayemjua. Ilikuwa ni homoni imevaa gauni lake, inaongea haraka, inakataa kushuka kama mlevi anavyokataa kutoka kilabuni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ni maneno mazuri sana, na ninajua wapi nimewahi kuyasoma. Yamebandikwa mlangoni mwa choo cha halmashauri.

Baada ya chakula cha mchana alijitupa kwenye mkeka juani, akalala ghafla, kama taa iliyozimwa. Moyo ulikuwa unaonekana shingoni, unagonga. Nilisimama pale na rimoti kwa muda mrefu. Kisha nikaingiza amri: kushuka kidogo kila siku, siku arobaini na mbili. Na nukta yake nikaifunga kwa mkono, ibaki kijani, asijue.

Mhavile alipandisha watu bila kuwauliza kwa sababu ya uvivu. Mimi nilimshusha mtu bila kumuuliza kwa sababu ya mapenzi. Nilikwenda nyumbani nikijiona bora kuliko yeye.

*

Homoni hii haitoki damuni kwa siku moja. Ukiikata leo, nusu yake bado ipo wiki ijayo, na robo wiki inayofuata. Tezi yenyewe imeshazoea kufanyiwa kazi, imelala, na inaamka kwa uvivu. Kwa hiyo mtu hashuki kwa kishindo. Anashuka kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Wiki ya pili jasho likakauka. Wiki ya tatu vyombo vikaoshwa mara moja. Wiki ya nne mapigo yakafika tisini na sita, na yanajikwaa mara chache. Nilikwenda kila siku na kisingizio kipya, mara nimeleta sukari, mara nimesahau kanga. Wiki ya tano nilisema "Kamwene" mlangoni, na nikahesabu mpaka saba kabla hajaitikia. Nilitaka kulia kwa furaha. Nilisimama pale na mfuko wa vitunguu kama mwendawazimu, nacheka.

Nikapata kiburi. Nikiwa nimeshaokoa mmoja, kwa nini nisiwaokoe wote? Ufunguo wa mnara unaoongoza vishingo ninao mimi. Mhavile hata betri ya rimoti hajui inaingilia wapi. Nikaandaa amri ya shingo elfu kumi na moja, siku arobaini na mbili, nukta zote zifungwe kijani. Nikapanga kuituma Jumatatu. Hakuna atakayejua. Watatulia, watashukuru, wataishi. Wapumbavu hawaulizwi, nilijiambia, wanaokolewa.

Siku ya arobaini na tatu ilikuwa Jumanne, siku sita kabla ya Jumatatu yangu. Nilimkuta mama mkubwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mikono mapajani. Mapigo sabini na nne, yamepangika kama askari. Nukta ya kijani.

"Hukwenda kwenye mazoezi ya kwaya?" nilimuuliza.

Akanitazama. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

"Shingo yangu ina rangi gani, Atu?"

"Kijani."

"Basi huu uzito umetoka wapi? Naujua mimi. Tumelala kitanda kimoja miaka sitini." Akajipapasa goti. "Si wote. Kidogo. Lakini ni wenyewe."

Uso wangu ulimjibu.

"Uliniuliza?"

"Nilikuuliza, mama mkubwa."

"Nikasemaje?"

"Moyo wako ulikuwa mia moja arobaini na mbili! Ungekuwa chini ya udongo sasa hivi. Hukuwa wewe uliyekataa, ilikuwa..."

Akainua kiganja. Nikafunga mdomo. Kilichofuata kilikuwa kile kimya chake, chenyewe, kile nilichokikosa miaka mitatu, na nilikaa ndani yake nikiogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Yule wa juu alikukatalia," alisema mwishoni. "Ukasema huyu si mama mkubwa. Sawa. Sasa huyu hapa, wa chini, ametulia, moyo wake sabini na ngapi sijui. Naye anakukatalia. Ulikuwa unamsubiri nani mwingine?"

Nililia. Sikuwa na cha kufanya kingine.

"Lete hiyo rimoti."

Nikampa. Nikamwonyesha pa kufungulia nukta, pa kupandishia, pa kushushia. Vidole vyake havikutetemeka. Alibonyeza kwenda juu, mara moja, akasubiri. Mara mbili, akasubiri, kana kwamba anaonja chumvi. Mimi nilikuwa nahesabu hatua na kuzigeuza kuwa mapigo kichwani.

"Mama mkubwa, hapo moyo..."

"Moyo ni wangu, nalala nao mimi. Na usinisomee tarakimu." Akabonyeza mara moja tena, akaiweka rimoti mapajani, hakunirudishia. Nukta ikageuka, ikawa manjano ya kweli. Hakuwa pale nilipomweka mimi, na hakuwa kwenye kijani cha kamati. Nadhani alipapata pa katikati. Sina hakika, na hakuniuliza.

"Na mji?" alisema.

"Jumatatu. Nimeshaandaa. Wote."

"Umewauliza?"

"Wangekataa."

Akacheka kicheko kifupi, bila furaha. "Wewe unamtukana Mhavile kila siku ya Mungu hapa jikoni kwangu. Mhavile mjinga, Mhavile mvivu. Haya, niambie, una tofauti gani naye? Yeye angalau sikumbeba mgongoni nikimwimbia nyimbo, wewe ndiye niliyekubeba."

Nikachukua mfuko wangu. Mlangoni niligeuka, nikamsalimia tena kwa kuaga, kama nilivyofundishwa. "Kamwene."

Akanitazama. Nikahesabu. Kumi na mbili ikapita, ishirini ikapita. Kuku aliingia, akatoka. Nilifika sitini ndipo nikaelewa kwamba safari hii jibu haliko njiani. Nikaondoka.

*

Amri ya Jumatatu niliifuta usiku uleule. Badala yake niliandika nyingine, fupi: kufungua vishingo vyote, ili kila mwenye shingo aweze kujipandisha na kujishusha kwa namba ya siri yake. Namba nilizichapa kwenye karatasi, moja moja, nikazikunja. Amri sikuituma, maana nilikuwa bado sijawauliza. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye mkutano wa wananchi, nukta yangu ya manjano ikiwaka kama taa ya baiskeli.

Ukumbi wa parokia uleule. Viti vilevile. Mhavile meza kuu, Mama Kalista mstari wa mbele na wigi jipya, watu mia nne nyuma yao, wanahangaika kwenye viti, wanachezesha magoti, wanaongea wote kwa pamoja. Nilipofika mbele, karani akanitazama shingoni, akaweka kalamu chini.

"Fundi ana manjano," Mhavile alitangaza. "Ataongea, lakini haitaandikwa. Tumvumilie."

Watu wakacheka. Wanacheka haraka sana siku hizi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye maneno makali, nyingi ikimhusu yeye. Nikaiangalia. Nikaona ni mimi tu ninajipamba. Nikaikunja.

"Kamwene," nilisema.

Hakuna aliyeitikia. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, mama, tuna kazi. Magoti yakazidi kucheza. Nilisimama. Sikuwa na neno la pili mpaka la kwanza lipokelewe, na nilijua naonekana mjinga, na ni kweli nilikuwa mjinga, nilikuwa nimesimama palepale niliposimama na sindano miaka mitatu iliyopita.

"Endelea basi!" Mhavile alisema.

Sikuendelea. Nilihesabu. Watu wa Igwasi hawawezi tena kukaa kimya. Kimya kinawawasha kama upupu. Saba. Nane. Makelele yakapanda, kisha yakaanza kushuka, kwa sababu nyuma kabisa mtu alikuwa anasimama, na anasimama polepole mno kiasi kwamba macho yote yalibidi yamsubiri. Aliweka mkono kwenye kiti cha mbele yake. Akajifuta mkono kwenye kanga. Nukta yake ilikuwa manjano. Mama Kalista aligeuka kumtazama, wigi likasogea, na hakulirudisha.

"Kamwene," alisema mama mkubwa Tulalumba.

Jibu lilikuwa limechukua siku tatu kufika. Magoti yalikuwa yametulia karibu ukumbi mzima.

"Waeleze ulichowafanyia," alisema. "Uanze na ulichonifanyia mimi. Halafu uwaulize wanataka nini, na ukae kimya wakujibu." Akaanza kukaa, akasita katikati, akainua kidole. "Na bado sijakusamehe."